Kuzalisha Papai Lenye Ladha: Mwongozo wa Kufunga Maua, Kupandanisha na Kuchagua Mbegu

Mtu ananunua papai soko la Mwanakwerekwe, hapa Unguja, anakula mpaka anaramba kisu, kisha anaanika mbegu na kuzipanda nyuma ya nyumba. Mwaka mmoja baadaye anakata papai chapwa, la maji maji, na anaulaumu udongo. Udongo hauna kosa. Nyama ya papai ni mwili wa mama: utamu ulioonja ni wa mti uliozaa tunda lile. Mbegu iliyomo ndani ina mama na baba, na baba hukumuona. Chavua yake imeletwa na nondo au nyuki kutoka mpapai wowote wa jirani, labda dume lililojiotea jaani ambalo halijawahi kuzaa tunda la kuonjwa.

Kazi yote ya kuzalisha papai tamu inaanzia hapo: ni kumjua baba. Ukishaishika chavua mkononi mwako, yaliyobaki ni hesabu, kuonja na subira ya miaka minne au mitano. Kwa mti wa matunda muda huo ni mfupi mno. Anayetaka kuzalisha embe au shokishoki bora kutokana na mbegu husubiri miaka kadhaa kuona tunda la kwanza tu, wakati mpapai hutoa tunda la kuonja miezi tisa hadi kumi na moja tangu mbegu kuatikwa. Kalenda yetu ya masika, kipupwe, vuli na kaskazi inakipa kizazi kimoja nafasi ya kukamilika kila mwaka.

Kuyajua maua

Asiyeweza kutofautisha maua ya mpapai asianze. Yako ya namna tatu, na kila mti una namna yake.

Mpapai dume hutoa vishada virefu vinavyoning'inia, vyenye maua mengi membamba kama vijibomba. Ndani ya kila ua mna vifuko kumi vya chavua na hamna kitunda kichanga kilichokamilika.

Mpapai jike hutoa maua manene karibu na shina. Petali zake tano zimeachana karibu mpaka chini, na ukizifungua unaona kitunda kichanga cha mviringo chenye ncha zilizochanika juu kama kipepeo kidogo. Hakuna kifuko hata kimoja cha chavua. Matunda yake huwa ya duara na uwazi wa ndani ni mkubwa.

Mpapai huntha una vyote viwili katika ua moja. Petali zake zimeungana sehemu ya chini kuwa bomba, vifuko kumi vya chavua vimepangika ndani ya bomba hilo, na kitunda kichanga ni chembamba na kirefu. Matunda yake ni marefu, mara nyingi yana umbo la pea, na nyama yake ni nene kuliko ya jike. Sokoni ndilo papai linalopendwa, na kwa mzalishaji ndio mti wenye thamani kuliko yote, kwa sababu unaweza kujichavusha wenyewe. Mama na baba ni mti mmoja, nao umeshauonja.

Jinsia inarithiwa kwa uwiano unaojulikana, ukariri:

- Huntha akijichavusha: miche miwili huntha kwa mmoja jike. Dume hatokei.
- Jike kwa chavua ya huntha: nusu jike, nusu huntha. Dume hatokei.
- Jike kwa chavua ya dume: nusu jike, nusu dume.
- Huntha kwa chavua ya dume: theluthi jike, theluthi huntha, theluthi dume.

Ukiona dume kwenye kizazi ulichodhani umekifunga vizuri, umepata ushahidi kwamba chavua ya nje iliingia. Ni kipimo cha bure cha usafi wa kazi yako. Ujue pia kwamba huntha hawezi kusafishwa akazaa huntha watupu, kwa kuwa mbegu inayorithi alama ya huntha kutoka pande zote mbili hufa kabla ya kuota. Theluthi ya majike itakuwapo daima katika mbegu za huntha aliyejichavusha.

Wazazi

Chagua mipapai isiyozidi minne, na kila mmoja uwe na sababu. Mmoja unaweza kuwa na utamu mkali lakini tunda dogo, mwingine harufu nzuri na nyama isiyo na nyuzi. Usichukue mti kwa sababu ya tunda moja. Onja matunda matatu hadi matano ya mti uleule, ikiwezekana baadhi wakati wa kaskazi na mengine baada ya mvua. Papai linalobaki na ladha hata baada ya wiki ya mvua lina thamani kuliko linalong'ara Februari peke yake.

Mti wenye majani yenye mabaka ya njano, yaliyokunjamana au kusinyaa kama uzi, au matunda yenye alama za duara kwenye ganda, usiuchukue hata kama ni mtamu. Hizo ni dalili za virusi. Mti wa namna hiyo hautakupa matunda ya kupima kwa haki, na vidukari watauhamisha ugonjwa kwenye miche yako.

Rangi ya nyama ina sheria yake. Njano inaifunika nyekundu. Ukipandanisha mpapai wa nyama nyekundu na wa njano halisi, watoto wote watakuwa na nyama ya njano. Usivunjike moyo ukaikata. Wekundu umejificha, na watoto hao wakijichavusha, robo ya wajukuu watarudi na nyama nyekundu. Kinyume chake, mpapai wa nyama nyekundu ukijichavusha hutoa wekundu watupu. Papai maarufu la Hawaii liitwalo Sunrise, lenye nyama nyekundu, lilitolewa mwaka 1968 baada ya kupandanishwa mapapai ya aina ya Solo, moja la nyama ya pinki na moja la njano, na kuchagua wajukuu. Solo yenyewe ilipelekwa Hawaii mwaka 1911 kutoka Barbados. Njia waliyotumia ni hii hii ya kufunga maua na kuonja.

Mbegu chotara za dukani, kwa mfano Red Lady, zinaweza kuwa mzazi mzuri. Ila ukipanda mbegu za tunda lake utapata watoto waliotawanyika, kila mmoja na tabia yake. Kwa mkulima wa soko hiyo ni hasara. Kwa mzalishaji huo ndio mwanzo wa uchaguzi, kwa kuwa upandanishaji umeshafanywa na kilichobaki ni kufunga maua na kuchagua.

Dume tunashauri uliepuke kabisa. Halina tunda, kwa hiyo huwezi kulionja. Ladha yake utaijua kwa binti zake tu, mwaka mzima baadaye.

Vifaa

Mifuko ya karatasi ya kaki, upana sentimita 10 na urefu 15, ndiyo inayofaa. Nailoni inapika ua: jua la saa sita likiipiga, unyevu unaganda ndani na chavua inaoza. Mfuko wa kitambaa chepesi cheupe kilichofumwa kwa karibu unafaa zaidi siku za mvua, na unafuliwa ukatumika tena. Neti ya mbu haifai, kwa sababu wadudu wadogo kama thiripi wanapenya.

Zaidi ya hapo unahitaji wembe mpya, kibano chenye ncha nyembamba, spiriti ya kufutia, vibanio vya nguo, na daftari. Lebo kata kwenye kopo la soda na uandike kwa kukwaruza na msumari. Wino wa kalamu unafutika kwa mvua moja ya vuli, na lebo ikipotea tunda hilo halina kazi tena. Penseli kwenye kipande cha plastiki nyeupe nayo hudumu.

Kwa kuonja, tafuta rifraktomita ya mkono inayosoma briksi 0 hadi 32. Briksi ni kipimo cha vitu vilivyoyeyuka kwenye maji ya tunda, na kwa papai sehemu kubwa ya hivyo ni sukari.

Kufunga ua la huntha ili lijichavushe

Hii ndiyo kazi utakayoifanya mara nyingi kuliko zote.

Jioni, kati ya saa kumi na saa kumi na mbili, tafuta tumba linalotarajiwa kufunguka kesho au keshokutwa. Limevimba, limeshageuka kutoka kijani kuwa jeupe au la maziwa, lakini ncha bado imebana. Kwenye kwapa la jani maua hutoka kwa kikundi. La katikati ndilo kubwa na ndilo lenye uwezekano mkubwa wa kuzaa. Ya pembeni mara nyingi ni ya kiume. Yaondoe ya pembeni kwa kucha, ubakishe la katikati.

Livishe mfuko, kunja mdomo mara mbili kuzunguka kikonyo, bana kwa kibanio. Mfuko usilalie tumba, uwe na nafasi ya vidole viwili pande zote. Funga lebo kwenye kikonyo cha jani la jirani, si kwenye kikonyo cha ua, kwani uzito hukiangusha. Andika namba ya mti, alama ya kujichavusha na tarehe, mfano: H7 peke yake, 14/9.

Vifuko vya chavua vya huntha hupasuka karibu na ncha za jike ndani ya ua lilelile, kwa hiyo hulazimiki kufanya kitu. Lakini ukifungua mfuko asubuhi ya pili na kuligonga ua kwa kidole mara mbili tatu, chavua inamwagika vizuri na matunda yanayoshika huongezeka. Funga tena papo hapo.

Mfuko ukae siku saba hadi kumi. Petali zikishaanguka na kitunda kikaanza kuvimba, uondoe. Ukiuacha muda mrefu, wadudu weupe wanaofanana na pamba hujificha humo na kunyonya kitunda. Lebo hubaki mpaka kuvuna.

Funga maua matano kwa kila mti ili upate matunda mawili au matatu. Maua mengine yataanguka, ni kawaida. Yakianguka yote, chunguza mambo mawili: ukame, na kama ulifunga maua ya kiume badala ya huntha. Wakati wa joto la kaskazi na udongo mkavu, mipapai huntha mingi hugeuza maua yake kuwa ya kiume kwa wiki kadhaa, na kwenye shina utaona pengo lisilo na matunda. Mti wenye pengo refu kila mwaka uutoe alama, maana tabia hiyo hurithiwa. Kasoro ya upande wa pili ni vifuko vya chavua kuungana na kitunda, kikatoka tunda lenye mikunjo na makovu kama uso uliofinyangwa vibaya. Hilo huchochewa na ubaridi, maji mengi na naitrojeni nyingi. Mwagia mboji nyingi mwezi wa Juni uone. Mti unaofanya hivyo peke yake wakati jirani zake wazima, ung'oe.

Kupandanisha miti miwili

Njia rahisi ni kumchukua jike awe mama. Hana chavua, kwa hiyo hakuna cha kukata. Jioni funga tumba la jike linalokaribia kufunguka, na jioni hiyohiyo funga matumba mawili ya huntha uliyemteua kuwa baba. Asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, kata ua la huntha, bandua petali zake zote, na uone kama vifuko vimepasuka na kutoa unga wa manjano. Fungua mfuko wa jike, pakaza unga huo kwenye ncha zote tano mpaka zionekane za manjano, funga tena. Ua moja la baba linatosha majike mawili. Ncha ambayo haikupata chavua ya kutosha huleta tunda lenye mbegu chache, lililopinda upande mmoja.

Lebo inaanza na mama kila mara: J2 kwa H7, na tarehe.

Kama mama naye ni huntha, lazima umng'oe vifuko vya chavua kabla havijapasuka, navyo havisubiri ua lifunguke. Vifuko hupasuka mapema, tumba likiwa bado limebana. Chagua tumba lililobakiwa na siku mbili hivi, ambalo bado lina ukijani kwenye msingi. Pasua bomba la petali kwa wembe kutoka juu kwenda chini upande mmoja, kwa kina cha ganda tu, maana kitunda kimekaa hapo hapo nyuma yake. Fungua taratibu, ng'oa vifuko vyote kumi kwa kibano, vihesabu kwenye kiganja. Vikiwa tisa, kimoja kimebaki ndani. Ukiona unga hata kidogo, lile tumba liache, umechelewa. Funga mfuko, subiri siku moja au mbili mpaka ncha za jike zianze kung'aa na kunata, kisha pakaza chavua ya baba. Futa kibano kwa spiriti kila unapohama mti.

Kwa anayeanza, tungesema asijaribu njia hii ya pili mwaka wa kwanza. Majeraha ya wembe huangusha vitunda vingi, na jike anaifanya kazi hiyohiyo bila tone la utomvu.

Kalenda

Tunda la papai huchukua takriban miezi mitano kutoka ua mpaka kuiva. Kwa hiyo ua la Septemba ni tunda la Februari, na hapo ndipo pazuri: kaskazi imekausha anga, jua ni kali na sukari inajaa. Tunda linaloivia kwenye mvua za Aprili hupoa ladha hata likiwa la mti bora, na kulipima kunakudanganya.

Panga mwaka hivi. Atika mbegu katikati ya Februari. Hamisha miche shambani mwezi wa Aprili ikiwa na wiki sita hadi nane, masika yakiwa yameshalainisha ardhi. Maua huonekana Julai na Agosti. Funga maua kuanzia Agosti hadi Oktoba mwanzoni. Vuna na kuonja Januari hadi Machi. Mbegu za waliochaguliwa mapema ziingie kitaluni palepale Februari, na za walioiva mwisho zihifadhiwe. Uone kwamba maua unayafunga miezi mitano kabla hujajua ladha ya mti. Lazima ufunge kwa kila huntha mwenye afya, kisha kisu kiamue mbegu zipi zibaki. Anayesubiri aonje kwanza ndipo afunge anapoteza nusu mwaka kwa kila kizazi.

Mbegu, kitalu na shamba

Toa mbegu kwenye tunda lililoiva kabisa. Kila mbegu imevikwa kijifuko cha maji chenye kuzuia kuota. Zisugue kwenye chungio pamoja na mchanga safi mpaka vijifuko vyote vipasuke, zioshe, na uziloweke kwenye maji. Zinazoelea tupa. Anika kivulini kwenye karatasi kwa siku tatu hadi tano, jua kali linaua. Za kuhifadhi zitie kwenye chupa kavu yenye kifuniko cha kubana pamoja na punje za mchele uliokaangwa, uweke ndani ya friji chini, si kwenye barafu. Kwa namna hiyo hukaa zaidi ya mwaka zikiwa hai.

Kabla ya kuatika ziloweke saa 24. Udongo wa kitalu: debe moja la udongo wa juu, nusu debe la mboji iliyooza, nusu debe la mchanga. Mbegu mbili kwa kila kifuko, kina cha sentimita moja. Huota baada ya wiki mbili hadi nne. Kitalu chenye maji yaliyotuama huleta ugonjwa wa kuoza shingo, mche unalala kama uliokatwa kwa uzi. Mwagilia asubuhi, acha uso wa udongo ukauke kabla ya kumwagilia tena.

Mpapai hauvumilii maji yaliyosimama. Siku mbili za mizizi kuwa ndani ya maji zinatosha kuumaliza. Kwenye kinongo (udongo mwekundu usiotuamisha maji) na kichanga hakuna shida kubwa. Kwenye kinamo (udongo mzito wa mfinyanzi) panda juu ya tuta la sentimita 40 au uache. Kwenye uwanda wenye mawe ya matumbawe chimba pale penye mfuko wa udongo, ujaze madebe mawili ya mboji, na tandaza majani makavu, kwani udongo ni mdogo na ukame unapiga mapema. Pemba, kwenye miteremko, panda kukatisha mteremko ili masika yasibebe udongo.

Mashimo sentimita 50 kwa kila upande, nafasi mita 2 kwa 2.5. Tia debe moja la samadi iliyooza kwa kila shimo, na kiasi kilekile kwa kila mti, bila upendeleo. Hapa wengi wanajiharibia wenyewe. Mti uliopata samadi mara mbili, au ulio karibu na shimo la maji ya kuoshea vyombo, utakuwa bora kuliko wenzake, nawe utachagua shimo la maji ukidhani umechagua mbegu.

Idadi. Watoto wa upandanishaji wa kwanza wanatosha ishirini, kwa kuwa wazazi wetu wengi wa mitaani si safi na tayari wana mchanganyiko ndani. Wajukuu panda sitini ukiweza. Katika sitini wa huntha aliyejichavusha, arobaini hivi ni huntha, na kama unatafuta wekundu uliojificha, kumi hivi kati yao watakuwa na nyama nyekundu. Kumi wa kuonjwa si wengi. Ukipanda kumi na saba tu, una nafasi 95 katika 100 ya kupata huntha mwekundu mmoja, lakini mmoja si uchaguzi.

Majike usiyakate yote. Bakisha mawili au matatu yenye afya kwa ajili ya kupandanisha baadaye.

Kuonja

Papai halina wanga wa akiba unaogeuka sukari baada ya kuchumwa kama ndizi. Sukari inaingia likiwa mtini, katika wiki zake za mwisho. Papai lililochumwa kijani litalainika na kubadilika rangi, lakini halitakuwa tamu. Kwa hiyo kila tunda la kupimwa lichumwe katika hatua moja: robo ya ganda imegeuka njano. Ukisubiri zaidi nzi wa matunda wanatanguliza mayai. Liweke kivulini siku tatu hadi nne mpaka robo tatu ya ganda iwe njano na linabonyea kidogo, ndipo ulikate.

Kata kwa urefu, toa mbegu kwa kijiko cha mbao bila kuzivunja. Mbegu ikivunjika hutoa ukali kama wa haradali na kuuharibu ulimi kwa matunda yote yanayofuata. Chukua kipande katikati ya tunda, kila mara mahali palepale, kamua tone kwenye rifraktomita. Kabla ya kuanza, pima maji safi: yasome 0. Rifraktomita nyingi zimepimwa kwa nyuzi 20. Kama yako haijirekebishi, na hukuiweka 0 kwa maji yenye joto hilohilo, kwenye joto letu la nyuzi 30 itasoma pungufu kwa karibu 0.8, kwa hiyo ongeza.

Chini ya 11, mti huo uuage. Hawaii hawakubali kuuza kama papai la daraja tunda lenye chini ya 11.5. Kati ya 12 na 13 ni papai zuri. Juu ya 13, katika matunda matatu ya mti mmoja, shika mti huo kwa mikono miwili. Linganisha matunda ya wiki moja tu, kwa sababu mvua ya siku tatu inashusha kipimo cha shamba zima.

Namba hiyo haijui harufu. Kuna papai la briksi 13 lenye harufu nzito inayowafukuza watu, na la 12 linalomfanya mtoto arudi kuomba kipande kingine. Kaa na watu watano hadi saba, wakiwemo wazee na watoto. Vipande viwe na herufi tu, visiwe na namba ya mti, na anayevigawa asiwe anayeandika alama. Kila mmoja atoe 1 hadi 5 kwa mambo manne: utamu, harufu, ulaini bila nyuzi, na kinachobaki mdomoni baada ya kumeza. Jambo hili la mwisho wengi hulisahau. Papai linaloacha uchungu kooni halitanunuliwa mara ya pili. Baada ya vipande vitatu kila mtu asukutue kwa maji, na baraza moja lisizidi matunda manane.

Hesabu pia mzigo wa mti. Mpapai wenye matunda kumi na wenye arobaini haushindani sawasawa, sukari ya majani yaleyale inagawanywa. Punguza vitunda vichanga ili kila mti ubaki na idadi inayolingana, na mti uliopoteza majani mengi kwa wadudu usihukumiwe msimu huo.

Vizazi vinavyofuata

Kutoka wajukuu sitini chagua huntha watano. Mbegu zao za maua yaliyofungwa zitenge, kila mama na mstari wake shambani, miche kumi hadi kumi na miwili. Mwaka huo utaona kitu muhimu: kuna mstari ambao ndugu wote wako karibu karibu, na mwingine ambao mmoja ni asali na jirani yake maji. Chagua mstari kwanza, halafu mti bora ndani ya mstari. Kila ua linapojichavusha, mchanganyiko uliobaki ndani ya mbegu unapungua kwa nusu: nusu kwa wajukuu, robo kwa vitukuu, thumni kwa wanaofuata. Mpapai hauna tabia ya kudhoofika sana kwa kujichavusha, hivyo unaweza kuendelea vizazi vinne bila hofu. Ndugu wa mstari mmoja wakishatofautiana kwa chini ya briksi moja na waonjaji nao hawawezi kuwatenga, mbegu hiyo imetulia.

Ukipata mti wa ajabu kabla ya hapo na ukaogopa kuupoteza, ukate kichwa baada ya kuvuna. Utachipua pembeni. Machipukizi yenye unene wa kidole gumba yanaweza kuoteshwa kwenye mchanga wenye unyevu chini ya kivuli, ingawa mengi huoza na yatakayoshika ni machache. Nakala hizo ni mti uleule, zinakupa maua ya kufunga mwaka mwingine. Kwa uzazi wa shamba zima, mbegu bado ndiyo njia ya bei nafuu.

Kabla ya kugawa mbegu nyingi, peleka miche michache Taasisi ya Utafiti wa Kilimo pale Kizimbani, na mingine kwa wakulima wawili wenye udongo tofauti, mmoja wa kinongo na mmoja wa uwanda. Mstari ulioshinda kwenye kinongo pekee ni wa kinongo, uandike hivyo kwenye pakiti.

Kila mwaka chagua mipapai huntha mitano ya mstari uliotulia, funga maua mawili mawili, changanya mbegu za matunda hayo ziwe akiba ya mwaka ujao. Mashimo ya kupandia yatie miche mitatu mitatu, na yakichanua bakisha huntha mmoja. Uwezekano wa wote watatu kuwa majike ni mara moja katika mashimo 27, wakati kwa miche miwili ni mara moja katika 9. Maua ambayo hayakufungwa yaache yazae papai la kula na la kuuza, ila mbegu zake zimwage shimo la taka zikaoze, zisiingie kwenye chupa.